Kiharusi: Usitoke Hospitalini Kabla ya Kujua Kilichosababisha

Mtu akianguka shambani katikati ya kuchuma majani chai, mdomo ukaenda upande na mkono ukakataa kuinuka, majirani husema neno moja: kiharusi. Neno hilo ni sahihi, lakini halitoshi. Wagonjwa wawili wanaweza kulazwa katika wodi moja, wote wamepooza upande wa kulia, na bado wakawa na magonjwa mawili tofauti. Mmoja anahitaji dawa ambayo mwenzake hapaswi kuipewa. Mmoja anaweza kutembea tena baada ya wiki chache, na mwingine yuko katika hatari ya kupigwa tena kabla ya mwezi kwisha.

Kinachowatofautisha ni chanzo cha kiharusi chenyewe. Makala haya yanawaeleza wakazi wa Bomet na kaunti jirani ya Kericho jinsi madaktari wanavyopanga kiharusi kulingana na chanzo, kwa nini mpangilio huo unaamua hatima ya mgonjwa, na maswali ambayo familia inapaswa kuuliza kabla ya kumrudisha mtu wao nyumbani.

KUZIBA AU KUVUJA

Jambo la kwanza ambalo daktari hutaka kujua ni kama mshipa wa damu kichwani umeziba au umepasuka. Mshipa ukiziba, sehemu ya ubongo hukosa damu na kuanza kufa. Ukipasuka, damu humwagika ndani ya ubongo na kuukandamiza. Duniani kote viharusi vya kuziba ndivyo vingi zaidi. Katika nchi za Afrika, hata hivyo, viharusi vya kuvuja huchukua sehemu kubwa kuliko Ulaya, hasa kwa sababu watu wengi huishi na shinikizo la juu la damu bila matibabu.

Kwa macho, aina hizi mbili hufanana. Hata daktari mwenye uzoefu hawezi kuzitofautisha kwa uhakika kwa kumtazama mgonjwa. Inahitajika picha ya kichwa, kwa kawaida picha ya CT. Ndiyo maana familia huonywa isimpe mgonjwa aspirini nyumbani. Dawa hiyo humsaidia aliyeziba mshipa, lakini inaweza kumzidishia madhara anayevuja damu.

Picha ikionyesha kwamba hakuna damu iliyovuja na dalili ni za kiharusi, swali la pili hufuata: mshipa umezibwa na nini, na kilichouziba kimetoka wapi?

MAKUNDI MATANO

Mwaka 1993 madaktari wa Marekani waliokuwa wakijaribu dawa mpya ya kuzuia damu kuganda walihitaji njia moja ya kuwapanga wagonjwa wao. Walitengeneza mpangilio wenye makundi matano, unaojulikana hadi leo kwa jina la utafiti huo, TOAST. Matokeo ya dawa yenyewe yalipochapishwa mwaka 1998, haikuwa imewaletea wagonjwa kwa jumla nafuu iliyotarajiwa baada ya miezi mitatu. Mpangilio ulidumu kuliko dawa, na sasa hutumika katika hospitali nyingi duniani.

Kundi la kwanza ni la mishipa mikubwa. Mafuta hujikusanya kwenye kuta za mishipa ya shingoni au ya ndani ya kichwa hadi njia inakuwa nyembamba, kama bomba la maji lililojaa uchafu. Kipande kikimeguka au damu ikiganda pale penye wembamba, ubongo hukosa damu. Wanaovuta sigara, wenye kisukari, wenye shinikizo la damu na wenye kolesteroli nyingi ndio walio hatarini zaidi.

Kundi la pili ni la moyo. Damu huganda ndani ya moyo, kisha bonge husafiri hadi kichwani. Hutokea hasa moyo unapopiga bila mpangilio, vali zake zinapokuwa zimeharibika, au misuli yake inapokuwa dhaifu.

Kundi la tatu ni la mishipa midogo iliyo ndani kabisa ya ubongo. Shinikizo la damu na kisukari huifanya kuta zake ziwe nene kwa miaka mingi hadi mmoja unaziba. Eneo linaloumia huwa dogo, mara nyingi chini ya sentimita moja na nusu.

Kundi la nne ni la sababu nyingine zinazojulikana, ambazo si za kawaida. Humo mna ugonjwa wa selimundu, maambukizi kama kaswende na homa ya uti wa mgongo, damu inayoganda kupita kiasi baada ya kujifungua, na kuchanika kwa ukuta wa mshipa wa shingo baada ya ajali. Watoto wenye selimundu wanaweza kupata kiharusi wakiwa bado wa shule ya msingi. Familia zenye asili ya maeneo yanayozunguka Ziwa Victoria, ambako ugonjwa huo ni wa kawaida zaidi, zinapaswa kulijua hilo.

Kundi la tano ni la viharusi ambavyo chanzo chake hakijajulikana. Mgonjwa huingia hapa kwa njia tatu: ana vyanzo viwili au zaidi na haijulikani ni kipi kilichompiga, amepimwa kikamilifu na hakuna kilichoonekana, au hakupimwa vya kutosha. Njia hiyo ya tatu inahitaji kuangaliwa kwa makini, na makala haya yatairudia.

MOYO, KOO LA MTOTO NA VALI

Kundi la pili lina uzito wa pekee katika eneo hili. Hospitali ya Tenwek, iliyo karibu na mji wa Bomet, inafahamika ndani na nje ya Kenya kwa upasuaji wa moyo. Wengi wa wanaopasuliwa moyo pale ni watu ambao vali zao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi, inayoitwa pia homa ya rumatiki. Wengi wao ni vijana.

Safari ya ugonjwa huo huanza na jambo linaloonekana dogo: mtoto kuumwa na koo. Baadhi ya maumivu ya koo husababishwa na bakteria aina ya streptokokasi. Yasipotibiwa kwa antibiotiki, kinga ya mwili ya baadhi ya watoto hugeuka na kushambulia viungo na moyo wao wenyewe. Mtoto huvimba magoti na vifundo, homa hupanda, kisha hali hutulia na familia husahau. Lakini kila homa inaporudi, vali za moyo hupata makovu zaidi.

Miaka kadhaa baadaye, vali iliyo upande wa kushoto wa moyo inaweza kuwa nyembamba kama tundu la kifungo. Damu hukwama nyuma yake, chumba cha juu cha moyo hupanuka, na mapigo huanza kwenda ovyo. Damu inayokaa bila kusukumwa vizuri huganda. Bonge likitoka, njia yake fupi ni ya kuelekea kichwani.

Hivyo ndivyo mama wa miaka 30 na kitu, asiye na presha wala kisukari na asiyewahi kuvuta sigara, anavyoweza kuanguka ghafla akiwa na kikapu mgongoni. Majirani wanaweza kusema amerogwa, kwa kuwa kiharusi wanakijua kama ugonjwa wa wazee. Kumbe chanzo kilikuwa kwenye vali ya moyo tangu alipokuwa darasani.

NANI HUPONA, NANI HURUDIWA

Chanzo cha kiharusi humsaidia daktari kukadiria mambo mawili ambayo kila familia hutaka kujua: mgonjwa atapona kwa kiasi gani, na je, kitarudi?

Wenye kiharusi cha mishipa midogo kwa kawaida huwa na nafuu kubwa zaidi mwanzoni. Eneo lililoumia ni dogo, wachache hufa katika wiki za kwanza, na wengi hurudi kujihudumia wenyewe. Hatari yao ni ya polepole. Presha isipodhibitiwa, mishipa mingine midogo huziba mmoja baada ya mwingine, hadi mtu anaanza kusahau, kutembea kwa hatua fupi na kubadilika tabia.

Wenye kiharusi kilichotoka kwenye moyo ndio huumia zaidi. Bonge la moyo mara nyingi ni kubwa, hivyo huziba mshipa mkubwa na kuua sehemu kubwa ya ubongo. Tafiti nyingi zimeonyesha kuwa kundi hili lina vifo vingi zaidi na ulemavu mkubwa zaidi.

Wenye tatizo la mishipa mikubwa ndio walio hatarini zaidi kurudiwa mapema. Katika utafiti wa wakazi wa mji wa Rochester, Minnesota, uliochapishwa mwaka 2000, zaidi ya wagonjwa 18 kati ya 100 wa kundi hili walipata kiharusi kingine ndani ya siku 30. Kwa wenye kiharusi cha mishipa midogo, ilikuwa kati ya mmoja na wawili kwa kila 100. Takwimu hizo ni za Marekani na za kabla ya baadhi ya dawa za sasa, lakini tofauti kati ya makundi imeonekana pia katika tafiti za nchi nyingine.

DAWA SI MOJA KWA WOTE

Hapa ndipo kujua chanzo kunapookoa maisha.

Mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio ana hatari ya kiharusi takriban mara tano kuliko mtu wa rika lake mwenye moyo unaopiga sawasawa. Warfarini, dawa inayozuia damu kuganda, hupunguza hatari hiyo kwa karibu theluthi mbili. Aspirini huipunguza kwa takriban moja kwa tano tu. Mgonjwa wa moyo anayerudishwa nyumbani na aspirini pekee kwa sababu hakuna aliyeupima moyo wake ameachwa bila kinga iliyokuwepo.

Kwa wenye vali zilizoharibiwa na rumatiki na mapigo yasiyo na mpangilio, kuna ushahidi mpya. Utafiti uitwao INVICTUS, uliochapishwa mwaka 2022 na kuhusisha zaidi ya wagonjwa 4,500 katika Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, ulilinganisha dawa ya kizazi kipya iitwayo rivaroxaban na dawa za zamani za jamii ya warfarini. Waliotumia dawa za zamani walikuwa na vifo vichache zaidi. Dawa ya zamani na ya bei nafuu ndiyo iliyoshinda.

Warfarini hata hivyo inahitaji nidhamu. Mgonjwa hupimwa damu mara kwa mara kwa kipimo kiitwacho INR, ambacho kwa wengi kinapaswa kuwa kati ya 2 na 3. Kikiwa chini, damu huganda. Kikiwa juu sana, mgonjwa anaweza kuvuja damu. Mboga za kijani kama sukuma wiki, managu na saga zina vitamini K, ambayo hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Mgonjwa hakatazwi kuzila. Anachoombwa ni kula kiasi kinacholingana wiki hadi wiki, badala ya kula sana wakati wa mvua na kuacha kabisa wakati wa kiangazi. Dawa nyingine, zikiwemo za mitishamba, zinaweza pia kuivuruga, hivyo ni lazima daktari aambiwe. Mwanamke anayetumia warfarini anapaswa kumwona daktari kabla ya kushika mimba, kwa kuwa dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Asiiache mwenyewe kimyakimya.

Kwa kundi la mishipa midogo, kazi kubwa ni kushusha presha, kudhibiti kisukari na kutumia aspirini au dawa ya jamii yake. Kuongeza dawa ya pili ya aina hiyo kwa miaka hakusaidii. Utafiti wa SPS3, uliochapishwa mwaka 2012 ukiwa na wagonjwa zaidi ya 3,000, uligundua kuwa kuchanganya aspirini na klopidogreli kwa muda mrefu hakukupunguza viharusi vipya, bali kuliongeza kuvuja damu na vifo.

Kwa kundi la mishipa mikubwa, daktari anaweza kuzichanganya dawa hizo mbili kwa muda mfupi tu, kisha kuendelea na moja pamoja na dawa ya kupunguza kolesteroli. Mshipa wa shingo ukiwa umebanwa sana, baadhi ya wagonjwa hupelekwa kwenye upasuaji wa kuusafisha. Kwao, kuacha sigara ni sehemu ya matibabu.

"HAIJULIKANI" KWA SABABU HAIKUTAFUTWA

Hata katika nchi tajiri, takriban robo ya viharusi vya kuziba hubaki bila chanzo kinachojulikana. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kutafuta na kukosa, na kutotafuta kabisa.

Kutafuta chanzo huhitaji vipimo vichache: picha ya kichwa, kipimo cha umeme wa moyo kiitwacho ECG, picha ya moyo inayoitwa eko, altrasaundi ya mishipa ya shingo, na vipimo vya damu kama sukari, kolesteroli, HIV na kaswende. Si kila hospitali ina vifaa hivyo vyote, na mgonjwa anaweza kupewa rufaa kwenda kwingine. Hapo ndipo familia nyingi hukwama. Nauli imekwisha, ng'ombe hawana wa kuwakama, na mgonjwa anaonekana kupata nafuu. Wanaomba aruhusiwe, wanarudi nyumbani, na rufaa inabaki kabatini.

Mgonjwa huyo ameingia kundi la tano kwa njia ya tatu. Pengine vali yake ingeonekana kwenye eko, au mapigo yake kwenye ECG, kipimo cha dakika chache kisicho na maumivu.

Wengine hufikiri suluhisho ni kumpa kila mmoja dawa kali ya kuzuia damu kuganda. Hilo limejaribiwa. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2018 uliwapa wagonjwa wa kiharusi cha chanzo kisichojulikana rivaroxaban au aspirini. Dawa kali haikupunguza viharusi vipya, na iliongeza kuvuja damu. Kubahatisha hakuchukui nafasi ya vipimo.

DALILI ZIKIANZA

Kabla ya maswali yote haya, mgonjwa lazima afike hospitalini. Uso kupinda upande mmoja, mkono au mguu kulegea ghafla, maneno kukwama au kuvurugika: dalili moja tu kati ya hizi inatosha kuondoka nyumbani mara moja. Hata dalili zikiisha baada ya dakika chache, mgonjwa apelekwe, kwa kuwa hilo mara nyingi ni onyo la kiharusi kikubwa kinachokuja.

Dawa ya kuyeyusha bonge hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena kwa wagonjwa wanaofaa na katika hospitali chache zenye uwezo huo. Kwa hiyo familia ikumbuke saa ambayo mgonjwa alionekana mzima mara ya mwisho, na imwambie daktari saa hiyo.

Njiani, mgonjwa alazwe kwa ubavu iwapo amepoteza fahamu au anatapika. Asipewe maji, chai, uji wala mursik, kwa kuwa anaweza kuwa hawezi kumeza na vikaingia kwenye mapafu. Asipewe dawa ya presha ya jirani. Asibebwe katikati ya watu wawili kwenye boda boda ikiwa gari linaweza kupatikana.

KINGA HUANZIA NYUMBANI

Utafiti wa INTERSTROKE, uliofanywa katika nchi 32 na kuchapishwa mwaka 2016, ulionyesha kuwa mambo kumi yanayoweza kubadilishwa huchangia takriban asilimia 90 ya hatari ya kiharusi. La kwanza ni shinikizo la damu. Utafiti wa kitaifa wa STEPS wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya ana shinikizo la juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa.

Tangu mwaka 2023, wahudumu wa afya ya jamii, maarufu kama CHP, wamepewa mikoba yenye kipimo cha presha na cha sukari. Anapobisha mlango, wakazi wampe mkono wapimwe, hata wasiposikia maumivu yoyote. Presha haiumi hadi siku inapopasua au kuziba mshipa.

Kwa watoto, koo linalouma pamoja na homa lipelekwe zahanati. Mtoto aliyewahi kuvimba viungo vinavyohamahama apimwe moyo. Utafiti uliofanywa kaskazini mwa Uganda na kuchapishwa mwanzoni mwa 2022 ulifuatilia karibu watoto 800 ambao vali zao zilikuwa zimeanza kuharibika bila dalili. Kati ya waliodungwa sindano ya penisilini kila wiki nne kwa miaka miwili, ugonjwa uliendelea kwa watoto 3. Kati ya wasiodungwa, uliendelea kwa watoto 33. Sindano hiyo inauma na mtoto hulia, lakini inazuia kiharusi cha miaka ijayo.

MASWALI MANNE KABLA YA KURUHUSIWA

Familia inayomchukua mgonjwa wa kiharusi kutoka hospitalini inashauriwa kuuliza haya, na kuomba majibu yaandikwe kwenye karatasi ya kuruhusiwa.

Moja: Je, mshipa uliziba au ulivuja?

Mbili: Chanzo kilikuwa moyo, mishipa mikubwa, mishipa midogo au kingine? Kama hakijajulikana, ni kipimo gani bado hakijafanywa, na kinapatikana wapi?

Tatu: Dawa hii ni ya chanzo gani, na itumiwe hadi lini?

Nne: Mgonjwa arudi kliniki tarehe gani, na nani atamfundisha mazoezi ya viungo?

Gharama isiwe sababu ya kusubiri hadi siku ya dharura. Kila mwanafamilia ajisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kwa kupiga *147# au kwa kusaidiwa na mhudumu wa afya wa kijiji. Huduma za zahanati na vituo vya afya hupatikana kwa aliyesajiliwa. Matibabu ya kulazwa katika hospitali kubwa yanahitaji michango iwe imelipwa, na wakulima wengi wa chai huona ni rahisi kuilipa pesa za bonasi zinapoingia.

Karatasi ya kuruhusiwa itunzwe mahali salama pamoja na kitambulisho, na ibebwe kila mgonjwa anapokwenda kliniki. Daktari atakayemwona mwezi ujao anaweza kuwa mwingine, na karatasi hiyo ndiyo itakayomweleza chanzo cha kiharusi na dawa inayofaa.